Mkono Uliopanda

Mkasi alikuwa fundi wa kuhariri video, na majivuno yake yote yalikuwa kwenye maungio. Wenzake wakitaka kutoka tukio moja kwenda jingine walirusha nyota na makopakopa kwenye kioo. Utoto mtupu! Yeye alifuata mwendo. Mlango ukifungwa hapa, unafunguliwa kule, na mtazamaji anavushwa bila kujua.

Alipokuwa akihariri harusi ya dada yake mdogo, tumbo moja, alikuta kipande kibaya. Nyuma ya ukumbi, bwana harusi amemshika bibi harusi mkono kwa nguvu. Kiganja kikapanda, kofi likatua. Lo! Mtu mwenye akili timamu angempigia mama yake simu palepale. Mkasi akakumbuka picha nyingine ya shemeji yake huyohuyo akiwapungia wageni. Akalikata kofi, akaunganisha. Mkono ulianza kupanda kwa hasira, ukamalizikia kwa bashasha. Alijiambia hataki kuharibu sherehe ya watu, lakini wapi, kazi yake ilikuwa imemnogea. Kisha akafuta kadi ya kamera apate nafasi ya kazi nyingine.

Miaka miwili baadaye dada alirudi kwao, mkono umevunjika, umefungwa plasta. "Sirudi kule, mama. Ataniua."

Jumapili mume akaja na baba yake kumchukua. Mama na mjomba wakaketi kusikiliza. Wao ndio wangeamua abaki au arudi.

"Aliteleza bafuni," mume alisema kwa upole. "Mimi sijawahi kumnyooshea hata kidole. Hebu tazameni wenyewe tulivyopendana." Akaweka video ya harusi kwenye runinga. Mkono ukapanda, ukapunga.

"Mbona mlikuwa na raha hivi, mwanangu?" mama akauliza.

Mkasi akainuka. "Simamisha! Hapo nimekata. Alimpiga kofi, mimi nikaliruka."

"Sawa, shemeji. Kilete hicho kipande."

"Nilikifuta."

Baba wa mume akacheka. "Kweli damu nzito kuliko maji! Kijana, usivunje nyumba ya mwenzako kwa maneno matupu."

Mjomba akamtazama Mkasi kwa huruma, akatikisa kichwa. Hakuna aliyemwamini, ila mmoja.

"Kaka," dada aliita taratibu. "Uliliona kofi lile lini?"

"Wiki ileile ya harusi."

"Wiki ileile."

"Nisamehe, mdogo wangu. Nilikuwa mjinga."

"Kila aliponipiga nilikuwa najiambia, kaka yangu angejua, angekuja kunichukua." Hakupaza sauti. "Kumbe ulijua."

Dada akaenda chumbani, akarudi na begi lake kwenye mkono mzima.

"Unakwenda wapi?" mama akamuuliza.

"Kwangu. Niliyemtegemea hapa alijua, akanyamaza."

Mumewe akampokea begi, wakatoka pamoja hadi kwenye gari.