Shahidi wa Tatu

Gasaro alikuwa na sababu tano za kuchagua mafunzo ya mjini. Zote tano zilikuwa za kweli, na hakuna hata moja iliyokuwa sababu.

Alizitaja moja baada ya nyingine kwenye baraza la Ridhwani, fundi cherehani wa Kamembe, ambako kwa miaka mitatu alikuwa ameweka meza ndogo ya kuwaandikia watu barua. Mezani palikuwa na matangazo mawili. La kwanza lilitoka parokiani, upande wa Mururu: miezi minne, siku mbili kwa wiki, watu wanafundishwa sheria ya ardhi na ya urithi, kisha wanawahudumia wakulima wa vilima vile vile vya Mururu, nyumba kwa nyumba, kwa miguu. La pili lilitoka kwa shirika la wanasheria lenye ofisi karibu na uwanja wa ndege: wiki nane, kwa Kifaransa, cheti chenye muhuri, na anayefaulu anapewa meza mjini. Kazi ilikuwa ni ile ile ya msaidizi wa sheria, ambaye watu wa Kamembe walimwita parajuristi, kana kwamba ni dawa ya minyoo.

"Maman Gisa," Ridhwani alisema, sindano ikiwa mdomoni, "wewe ulikaa Mururu. Bantu ba kule unabajua, vilima unavijua. Sasa unakimbilia Kifaransa cha nini?"

"Cheti cha mjini kiko na muhuri, Papa Ridhwani."

"Muhuri! Hata mufuko ya simenti iko na muhuri."

Gasaro alicheka, akajaza fomu ya mjini siku hiyo hiyo. Hakumwambia Ridhwani kwamba angeweza kusoma hata Kichina ilimradi asiupande tena mlima wa Mururu. Kule alikuwa amerudi mwanamke aitwaye Nyiraneza, na tangu asikie habari za kurudi kwake, Gasaro hakuwa na raha.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Gasaro alizaliwa Bukavu, ng'ambo ya mto, kwa wazazi waliokimbia zamani. Aliporudi katika nchi ambayo aliijua kwa hadithi tu, mwishoni mwa mwaka 1994, alikuwa na mama mgonjwa na mtoto wake Gisa mgongoni, na alifikia Mururu. Mkulima mmoja, Twagirayezu, mtu wa ndizi nyingi na maneno machache, aliwapa chumba na kipande cha shamba cha kupandia maharage, wala hakuwadai kitu. Mtu akikupa mbegu siku ambayo mama yako analia njaa, humsahau. Na siku atakapokuja na ombi lake, ulimi wako utakuwa mzito kusema hapana.

Siku hiyo ilifika Juni 1997. Twagirayezu alikuwa na ndugu yake, Munyemana, aliyevuka kwenda Kongo mwaka 1994 pamoja na mke na watoto, katika ule umati mkubwa. Vita vilipovunja kambi za wakimbizi kule, wengine walirudi na wengine wakaingia msituni. Munyemana hakurudi. Ilisemwa amekufa, yeye na mkewe na watoto wao wote. Wakati huo huo zikaja fununu kwamba mashamba ya wasiorudi yatagawiwa watu wengine. Asiyekuwepo na lake halipo, na Twagirayezu akaona heri shamba la ndugu yake liwe la kwake. Akamwita Gasaro kwa sababu ya mwandiko wake.

"Andika: mimi Munyemana nimemupa ndugu yangu shamba ya chini, mpaka ku mikaratusi," alisema. "Tarehe weka Machi tisini na tatu."

"Lakini leo ni Juni tisini na saba, Mzee."

"Alinipa kwa mdomo, Maman Gisa. Sisi tunaandika tu ile alisema."

Gasaro aliandika. Palipohitajika dole gumba la Munyemana, Twagirayezu alibonyeza la kwake, na Gasaro akageuka kutazama mikaratusi. Mashahidi walitakiwa watatu. Wawili walikuwa wamefika, Mbarushimana ambaye ni shemeji yake Twagirayezu, na mzee mmoja ambaye sasa ni marehemu. Wa tatu hakutokea. Kibuyu cha pombe ya ndizi kilikuwa katikati yao, mrija ukapita kwa huyu na kwa yule, hadi ukamfikia Gasaro. Bukavu, ukikaribishwa kinywaji ukakataa, umemtukana mwenyeji. Akavuta mara mbili.

Mbarushimana akapiga makofi. "Shahidi wa tatu njo huyu!"

Kumbe kwenye vilima vile mwandishi hagusi mrija mpaka karatasi ikunjwe. Anayekunywa kabla ya hapo amekiri mbele ya watu kwamba alikuwepo na aliona. Kila mtoto wa Mururu anayajua hayo, ila Gasaro aliyelelewa ng'ambo hakuyajua. Walicheka sana. Gasaro naye alicheka, kisha akaandika jina lake chini ya yale mawili. Angeweza kukataa, na hilo ndilo lililomtafuna baadaye. Kunywa kulikuwa ni ugeni, lakini kuandika jina kulikuwa ni mkono wake mwenyewe.

Mwaka uliofuata mama yake alifariki, naye akahamia Kamembe. Katikati ya mwaka 2000 akasikia sokoni kwamba Nyiraneza, mke wa Munyemana, yu hai. Alikuwa amevuka mpaka kwa miguu, na mtoto mmoja kati ya wanne. Alikuwa amemzika mumewe msituni kwa kutumia sufuria, maana jembe hawakuwa nalo. Gasaro alinunua mchicha wake, akaenda nyumbani.

Mafunzo yalianza Juni 2001. Mwalimu alikuwa Wenceslas, mkubwa wa ofisi ile, karani mstaafu wa mahakama, mwembamba, asiyependa mzaha. Ndege za jeshi zilipopita juu ya paa alinyamaza, halafu aliendelea na neno lile lile alipoachia.

"Msaidizi wa sheria si hakimu, wala si wakili," alisema siku ya kwanza. "Kesi ikiingia, mujiulize kwanza, mimi niko na mkono humu ndani? Kama uko nao, unatoka, na unasema kwa nini unatoka."

Gasaro aliyaandika hayo kwa mwandiko wake mzuri. Kisha akasoma kama mtu anayekimbizwa, akawa wa kwanza darasani. Mwenye dhambi huwa mwanafunzi hodari, kwa kuwa ana haraka ya kujaza kichwa vitu vingine. Mwisho wa Julai alipewa cheti chenye muhuri, kitambulisho cha kuvaa shingoni, na meza karibu na dirisha. Ridhwani alimshonea koti la bluu bila kumtoza chochote. Wiki tatu za kwanza alimsaidia mjane mmoja kupata cheti cha ndoa na msichana mmoja kudai fungu lake la urithi, na jioni alipokuwa akirudi nyumbani alijiona kuwa mtu mwenye haki ya kutembea kichwa juu.

Alhamisi ya mwisho wa Agosti akaingia mwanamke mwembamba wa Mururu, miguu imejaa vumbi. Aliweka parachichi mbili mezani kabla hata ya kuketi.

"Maman, mi siko najua kusoma," alisema. "Kule kwetu kuko baparajuristi ba parokia, lakini bote ni majirani ya shemeji yangu. Nilitaka muntu wa mbali, muntu ashikuwe na upande."

Akafungua kitambaa, akatoa fotokopi aliyopewa na konseye, yule mkubwa wa sekta. Gasaro hakuhitaji kuisoma, kwa kuwa mwandiko ulikuwa wake.

"Mashahidi balikuwa batatu," Nyiraneza aliendelea. "Moja alikufa. Mbarushimana anasema aliona. Wa tatu ni mwanamuke alihama, balisema ni wa Bukavu. Nikimupata huyo, nitamuuliza tu: uliona nini?"

Hapo ndipo maneno ya Wenceslas yalipaswa kufanya kazi. Gasaro alifungua kinywa, na kilichotoka kilikuwa hiki: "Uniachie karatasi. Rudi Alhamisi."

Jumamosi alipanda Mururu baada ya miaka mitatu. Alimkuta Twagirayezu akinoa jembe, akamsihi amrudishie mjane shamba kwa hiari yake, yaishe kimya kimya.

"Wewe ulikunywa," Twagirayezu alisema, hata bila hasira. "Mama yako alikula maharage ya kwangu mpaka siku ya kufa. Sasa unataka nifanye nini, nijiite mwizi mbele ya bantu? Nenda ukanyamaze, Maman Gisa. Kunyamaza hakuumizi muntu."

Gasaro akateremka. Alhamisi Nyiraneza alikuja, na parachichi mbili nyingine, akaambiwa faili iko kwa mkubwa. Alhamisi iliyofuata alikuja ameloa, kwa sababu mvua ya Septemba ilikuwa imeanza, akauliza kama anaweza walau kupanda maharage huku akingoja. Gasaro alimwambia sheria hairuhusu anayedai shamba kuligusa kabla kesi haijaamuliwa, arudi Alhamisi. Hilo lilikuwa kweli. Alilisema kwa sauti safi ya cheti, kisha akajifungia chooni na kulia kwa aibu, ngumi mdomoni. Parachichi alizila usiku na mwanawe, kwa kuwa kuzitupa kungekuwa dhambi nyingine.

Alihesabu njia zote za kutokea. Angeweza kumpa kesi mwenzake bila kusema neno. Lakini mwenzake angefanya nini? Karatasi ilikuwa na mashahidi kamili na dole gumba. Kitu kimoja tu duniani kingeweza kuivunja, nacho ni kwamba shahidi wa tatu, Machi 1993, alikuwa Bukavu akiuza sabuni, na kadi yake ya kurudi nchini ilionyesha siku aliyovuka. Hakuna mwanasheria ambaye angeligundua hilo. Ni yeye tu, na kulisema kulikuwa kujivua nguo sokoni.

Wiki ya tatu alimweleza Wenceslas yote. Mzee yule alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu.

"Ukisema mbele ya konseye, siwezi kukuacha ku meza hii," alisema. "Unajua?"

"Najua, Mzee."

"Na usiposema pia siwezi. Sasa nimejua." Akavaa miwani yake. "Darasani nilisema unatoka na unasema kwa nini. Wewe ulibaki na ukanyamaza. Hakuna mwanafunzi wangu alinishinda hivyo."

Shauri lilisikilizwa Jumanne kwenye nyasi mbele ya ofisi ya sekta. Watu walikuwa wengi, maana kesi ya ardhi haikosi watazamaji. Twagirayezu alisema yake, Mbarushimana akaapa aliona. Konseye akauliza kama kuna mwenye neno. Gasaro akasimama, amevaa koti la bluu, akataja majina yake yote, sio Maman Gisa.

"Shahidi wa tatu ni mimi," alisema. "Na sikuona Munyemana akitoa kitu. Karatasi niliiandika mimi, Juni tisini na saba. Tarehe ni ya uongo. Dole si la Munyemana, nilimuona aliyelibonyeza. Nilikunywa, nikaandika jina langu nikijua sijaona." Akampa konseye kadi yake.

Minong'ono ikapanda kama maziwa jikoni. Mwanamke mmoja alitema mate chini. Twagirayezu hakupinga, aliinamisha kichwa, na Gasaro alimwonea huruma, kwa sababu mbegu zile alizompa zilikuwa za kweli. Konseye alishauriana na wazee, akaipasua karatasi, akasema shamba ni la mjane na mtoto wake. Ila, alisema, maharage yaliyopandwa wiki hizi mbili ni ya Twagirayezu aliyeyapanda, na mjane ataingia shambani baada ya mavuno, mwezi wa kwanza. Njia ya mwongo ni fupi, watu husema. Lakini ile iliwachukua miaka minne na msimu mmoja wa maharage.

Gasaro alimkabidhi Wenceslas, aliyekuja kusikiliza, kitambulisho. Kisha akamwendea Nyiraneza, aliyekuwa amesimama pembeni na mwanawe.

Nyiraneza alianza yeye. "Siku ya kwanza nilikuya na karatasi, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Na ya pili?"

"Nilijua."

"Na ile ya mvua, nilikuuliza nipande, ukanirudisha?"

Gasaro aliitikia kwa kichwa tu.

"Ile ya mwaka wa tisini na saba nakusamehea," Nyiraneza alisema taratibu, kama mtu anayechambua mchele. "Mbele ya Mungu, nakusamehea. Ulikuwa haunijui. Balikuambia nimekufa, na wafu habalimi. Lakini hizi wiki tatu siwezi, Maman. Hizi ulikuwa umeniona."

Akamshika mwanawe mkono, wakaenda kusimama ukingoni mwa shamba lao, ambako maharage ya Twagirayezu yalikuwa yameshaota majani mawili mawili.