Mkono Uliokata Keki

Kifungo cha nyuma cha gauni kilimshinda Leimara mara tatu, na mara ya nne akakaa kitandani akalia kwa hasira. Wifi yake Rosina, mwenzake wa chumbani na wa kazini, alitoka bafuni na mswaki mdomoni, akamgeuza kama mtoto, akamfunga.

"Mtu hata kifungo hawezi, halafu anaalikwa mgahawani," Rosina alisema. "Wanataka nini kwako wale?"

"Ni siku yangu ya kuzaliwa, wifi. Nimetimiza hamsini."

"Na ile ya arubaini na tisa? Ulikuwa hujazaliwa?"

Swali hilo hilo ndilo lililomkosesha Leimara usingizi tangu Alhamisi, pale Grant, meneja wa machinjio, alipomfuata kantini alikokuwa akifuta meza kwa mkono wa kushoto, akamwita kwa jina. Miaka minne alikuwa akimwita Thelathini na Moja, namba iliyoandikwa kwenye kofia yake ya kazi. Siku hiyo akamwita Lei, akamwambia kwamba Jumapili saa sita mchana watamtoa kwa chakula, yeye na Kerryn wa ofisini, pale kwenye mgahawa wa mtoni ambako wazungu wa mji huo huenda kuchumbiana na kuwaaga wastaafu wao.

"Wakikutolea karatasi, usitie sahihi," Rosina alisema. "Hata wakikwambia ni risiti ya chumvi."

"Sitii."

"Niapie."

"Haki ya Mungu."

Miezi minne nyuma, mnyororo wa mashine ya kuvuta mizoga, kwenye chumba cha visu, ulinasa glavu yake ya kulia, ukausokota mkono mpaka karibu na kiwiko. Kizuizi cha usalama cha mashine ile kilikuwa kimeng'olewa ili kazi iende haraka. Kila aliyefanya kazi kwenye chumba kile alilijua hilo, na Grant alilijua kuliko wote. Daktari wa hospitali ya mji alisema kano zirekebishwe kwa upasuaji kabla hazijakauka, la sivyo vidole vitabaki vilivyo. Upasuaji ulitaka kibali cha bima, na bima ilitaka kwanza aonwe na daktari wao, Jumanne iliyofuata. Viza yake ya kazi ilikuwa inaisha Machi. Kule kwao, kisiwani Tongoa, alikuwa na mama mzee, binti, na shamba la viazi vikuu, na viazi vikuu havilimwi kwa mkono mmoja.

Alitoka kanisani kabla ya wimbo wa mwisho. Mgahawani Grant alisimama, akamvutia kiti. Machale yakamcheza Leimara pale pale; tangu lini bosi akamvutia kiti mtu anayemwita kwa namba? Alikaa upande upande, akauficha mkono chini ya kitambaa cheupe, akayakaza macho kwenye mkoba wa Kerryn, mkubwa, wa kutosha mafaili.

"Usihangaike na menyu, mama," Grant alisema. "Nimeshakuagizia. Nyama ya kwetu hii, imetoka mikononi mwenu wenyewe. Lazima uionje."

"Mimi samaki angenitosha, bosi."

"Samaki? Leo? Kerryn, umemsikia huyu?"

Kerryn alicheka, akatumbukiza mkono mkobani, akatoa bahasha.

"Sitii sahihi," Leimara alisema.

Alisema kwa sauti. Familia ya meza ya jirani iligeuka kutazama. Kerryn alibaki na bahasha hewani, macho yamemtoka.

"Ni kadi, mpenzi," alisema taratibu. "Ya siku yako ya kuzaliwa."

Ilikuwa kadi kweli, ya maua, na ndani wenzake wote wa chumba cha visu walikuwa wameandika majina yao, pamoja na wale wasiompenda. Leimara aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Watu wameacha nyumba zao Jumapili kuja kumpongeza, naye anawatukana mezani! Aliomba msamaha mara mbili. Grant akamwambia yaishe, lakini alimwambia kwa sauti ya mtu aliyeumia, na tangu hapo Leimara hakutaka kitu kingine ila kuyatengeneza aliyoyaharibu.

Nyama ikaja, pande nene kama kitabu cha nyimbo. Mhudumu, mama wa makamo mwenye nywele nyekundu, aliutazama mkono ule uliochungulia chini ya kitambaa, akainama.

"Nikukatie jikoni, dada? Si kazi kubwa."

"Umkatie huyu?" Grant alidakia. "Huyu ndiye aliyekuwa kisu changu namba moja! Anamaliza ng'ombe mzima wewe bado unatafuta chumvi." Meza ya jirani wakacheka. Kisha akamsogelea Leimara, akashusha sauti. "Jaribu kidogo tu, Lei. Jumanne daktari ataniuliza habari zako. Nataka nimwambie una moyo. Hawapendi kuwahangaikia watu waliokata tamaa."

Kerryn alikuwa ameegemeza simu yake kwenye chombo cha maua. Picha za kumbukumbu, alisema.

Leimara alikichomeka kisu katikati ya kiganja, akalaza juu yake kidole kimoja kilichokuwa bado kinamsikia, akasukuma kwa bega. Maumivu yalipanda mpaka kwenye meno. Alitabasamu. Bahati mbaya nyama ilikuwa laini. Ilikatika, akala kipande, akakata kingine, na kila kipande Grant alisema, "Safi kabisa, mama."

Keki ililetwa na mshumaa mmoja, na mgahawa mzima ukapiga makofi. Walimpa kisu cha keki naye akakata. Kerryn, simu yake bado inarekodi video, akamwambia kwamba alikuwa amefumba macho.

"Tafadhali, rudia," Leimara alisema. "Nataka kumtumia binti yangu."

"Bila shaka, mpenzi," Kerryn alisema. "Safari hii kata kwa nguvu kidogo."

Njia nzima ya kurudi alijisuta kwa roho yake mbaya. Rosina alimkagua kama mtu aliyetoka vitani, akauliza karatasi iko wapi. Leimara akamwonyesha ile kadi, na usiku huo akaituma Tongoa ile video aliyopewa na Kerryn.

Jumanne daktari wa bima alikuwa mtu mpole. Alimwomba akunje vidole, kikakunjika kimoja. Akageuza kompyuta yake, na makofi ya mgahawa yakajaa kile chumba kidogo.

"Huyu ni wewe?"

"Ni mimi."

"Kisu umekishika kwa mkono upi?"

"Wa kulia. Lakini nilikuwa naumia, daktari."

"Hapa unacheka."

"Watu walikuwa wananitazama."

"Na hii sauti inayosema rudia, ni ya nani?"

Leimara aliitazama keki ikikatika. Aliona jinsi alivyoingia mkenge, hatua kwa hatua, na kila hatua alikuwa amesema asante.

"Yangu," alisema.

Daktari aliandika kwa muda mrefu.

Ijumaa majibu yalikuwa yamefika: upasuaji hauhitajiki. Grant alipita kantini bila kusimama. "Thelathini na Moja, Jumatatu kwenye visu. Ukiona huwezi, sema mapema, ofisi ikukatie tiketi ya kwenu."

Jumatatu saa kumi na mbili kasorobo asubuhi Leimara na Rosina walikaa kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo, kofia kichwani. Rosina alikuwa amekilaza kisu kwenye kiganja cha wifi yake, anakifunga pamoja na mkono kwa bandeji, raundi baada ya raundi. Simu ya Leimara ilikuwa magotini, inacheza ujumbe wa sauti wa binti yake.

"Mama! Video tumeionyesha jana kanisani. Watu wote wamesimama, mchungaji ameomba, bibi amelia. Mkono umepona kabisa, mama! Sasa tutakutegemea hata mwaka ujao, eh?"

Kengele ya kuanza kazi ililia. Rosina aliing'ata bandeji, akaikata kwa meno, akafunga fundo.

"Kaza, wifi," Leimara alisema. "Bado kinacheza."