Hakimu Asiyekula Pilau ya Watu

Kwetu pwani, mtu asiyekula shughulini kwa wenzake ana lake jambo. Mama Ghanima Himyar, hakimu wa Mahakama ya Mwanzo Maramba, alikalia kiti kile miaka na miaka bila kutia kinywani tonge la mtu. Harusini alifika, akatoa hongera, na sahani zikianza kupita huyo anaaga. Ukimpelekea kuku, kuku anarudi na aliyemleta. Watu wakasema weee! "Mwarabu wa mjini Raskazone huyo, anatuona wachafu." Maneno yakamfikia, akayameza. Angewaambia nini? Pilau aliipenda kuliko wao, ila hakujua nani kesho atasimama mbele yake na kesi.

Basi, akastaafu, na haukupita muda bintiye wa pekee, Maha, akaposwa. Ghanima akakataa katakata harusi kupelekwa mjini kwa ndugu. "Mwanangu kazaliwa Maramba, ataolewa Maramba." Akapita nyumba kwa nyumba kualika. Kila mlango alijibiwa, "Inshallah, Mama Hakimu." Na inshallah za namna ile mnazijua.

Asubuhi ya shughuli, uani palikuwa na masufuria, magunia ya mchele, ng'ombe kafungwa, na watu wawili tu: Ghanima na dada yake Nada.

"Nilikwambia mimi," Nada akafoka. "Hukula kwa wenzio, nani aje kwako? Piga simu mjini tukodi wapishi."

Shughuli ni watu, jamani. Ghanima alimfikiria mwanawe akitolewa nje bila hata kigelegele kimoja, roho ikamwuma. Akachukua simu.

"Hodi! Shikamoo, Mama Hakimu!"

Aliyeingia ni Zabron, shoka begani. Huyu Ghanima alimjua vizuri, maana ndiye aliyemfunga jela kwa kuiba mbuzi wa Haji. Na nyuma yake nani? Haji mwenyewe, na kisu cha kuchinjia, wanagombana nani kamchelewesha mwenziwe! Nyuma yao wanawake tele, kanga viunoni na miko mikononi.

"Marahaba," Ghanima akajibu. "Zabron, hata wewe?"

"Hata mimi! Mke wangu Anjela alikuletea kuku uniachie, ukamrudisha naye. Nilikulaani, Mama, Mungu anisamehe. Halafu mle gerezani nikawaza: kama wangu hakumla, basi na wa Haji hakumla. Nilifungwa, lakini sikuonewa. Usingizi ukaja."

"Na wangu nilimleta kweli!" Haji akadakia, uani kote wakaangua kicheko.

Ghanima naye akacheka, machozi yanamtiririka wala hayafuti. Kumbe walijua! "Sasa mbona mlikuwa mnaninanga?"

"Kukunanga tulikunanga," Anjela akasema. "Mtu tunapika, haonji! Lazima ukere. Leo hugusi mwiko. Kaa hapo."

Ng'ombe akachinjwa, moto ukawashwa, nyimbo zikaanza. Sufuria la kwanza lilipoiva, Anjela akamtilia sinia, akamweka katikati ya wenziwe. Wote wanamtazama. Mama Hakimu akapandisha mkono wa gauni, akamega tonge kubwa, akala. Akamega jingine.

"Haya, Mama Hakimu, unasemaje?"

"Chumvi imepungua."

Vigelegele vilivyopigwa hapo, Maha alitoka chumbani mbio, hina mbichi mikononi, akidhani bwana harusi kafika.