Picha ya Maji Mafu

Kazija binti Pandu aling'oa kigingi cha tisa, akakilaza juu ya vile vinane vya kwanza, akavifunga pamoja kwa kamba. Vilikuwa vya chuma, vyenye utepe mwekundu, na vyote vilikuwa vimechomekwa katikati ya shamba lake la mwani. Pale Shumba, achomekaye kigingi katika shamba la mwenziwe hatukanwi wala hashitakiwi. Kigingi hung'olewa kikapelekwa mlangoni kwa sheha, na aliyekichomeka hukifuata huko mbele ya watu. Aibu hiyo humtosha.

Kazija alivipeleka huko, na mwenye vigingi akafika kabla jua halijawa kali. Alikuwa mhandisi Gaudens, mzaliwa wa Bukoba, mtu mpole mwenye viatu vizito, aliyetumwa kupima mahali ambapo waya mkubwa wa chini ya bahari utapandia nchi kavu. Waya huo ungeleta Pemba umeme wa upepo kutoka nchi jirani, na mchana ungewapelekea majirani umeme wa jua wa kisiwani.

"Mama, hivi ni vya serikali mbili," alisema.

"Na shamba lina mwenyewe mmoja. Mbona hukuja kumuuliza?"

Sheha Vuai alikohoa. "Bi Kazija, usitutie maneno. Weye mwenyewe huulilia umeme kila siku."

Hilo lilimchoma, kwa kuwa lilikuwa kweli. Mashine ambayo yeye na wenzake walisagia mwani wa sabuni ililala siku tatu kila umeme ulipokatika. Aliutaka waya ule kuliko sheha. Lakini tangu lini mwenye njaa akatakiwa kung'olewa meno ndipo apewe chakula?

Miaka yote Kazija alipoingia ofisini kwa sheha aliinamisha kichwa, akaweka dole gumba alipooneshwa, akatoka. Leo hasira ilitangulia, woga ukabaki nyuma ukiburuza miguu.

Gaudens alifungua kompyuta, akamwonesha picha ya pwani ya Shumba iliyopigwa kutoka angani. Maji matupu, hakuna hata mtu. Chini yake paliandikwa: eneo halitumiki.

"Ulipiga lini?"

Akamtajia tarehe. Kazija alihesabu kwa pingili za vidole, akacheka kicheko kisicho na furaha.

"Mwezi ulikuwa na siku nane. Maji mafu! Siku hizo bahari haikauki, sote tumo majumbani twatengeneza kamba. Mwanangu, weye umebisha hodi mwenye nyumba kaenda safari, ukaandika kafa."

Gaudens aliifunga kompyuta. "Meli ya kulaza waya inakuja baada ya miezi mitatu," alisema. "Nikiomba njia ya waya ibadilishwe, watasema Pemba wamekataa. Nikiulizwa nani kakataa, niandike nani?"

Sheha alimkonyeza Kazija anyamaze.

"Andika Kazija binti Pandu wa Shumba. Na andika hivi: umeme nnautaka, shamba sitoi. Leo bamvua, maji yamekupwa mbali, bahari i wazi. Vua viatu."

Walishuka. Mashamba yalitanda hadi karibu na mwamba, safu kwa safu, na wanawake wamechutama humo wakifunga mbegu za mwani kambani. Waliitikia salamu ya mgeni bila kusimamisha mikono. Kazija hakubembeleza mtu. Aliingia shambani mwake, akachutama, akaendelea na kazi. Gaudens akatoa daftari.

"Hili la nani?"

"La Siti."

"Na lile?"

"La Khairiya. Lilikuwa la mamake."

Bahari ilianza kurudi. Iliwafika vifundoni, ikawafika magotini. Wanawake waliondoka mmoja mmoja wakiburura magunia yao, lakini Kazija alibaki, na Gaudens naye akabaki akiuliza na kuandika. Kazija hakujua kama jina lililomo daftarini lina nguvu ya kuisogeza meli. Alijua tu kwamba yeye hasogei.

Maji yalipofunika safu ya mwisho, mhandisi alielekeza kalamu chini walipokuwa wamesimama, ambapo sasa palionekana bahari tu.

"Na hapa?"

"Hapa pangu," alisema Kazija, kwa sauti iliyofika hadi ufukweni. "Andika."