Herufi za Nieves Kwenye Chumba cha Baridi

Herufi za Nieves Chaile zilianza kudondoka Jumatatu, na mtihani ulikuwa Ijumaa.

Ya kwanza ilitoka kwenye mkono wa koti lake jeupe la shule alipoinua kidole kujibu. Ilitua juu ya meza, kavu, kingo zimejikunja. Mtoto aliyekaa naye, wa miaka sita, aliipuliza ikaanguka sakafuni. Nje, mipopla inayokinga mashamba na upepo nayo ilikuwa ikipukutisha majani. Mwalimu Griselda akachukua ufagio.

Kila vuli ilikuwa hivyo. Watoto wa wenye mashamba hawakudondosha kitu. Waliodondosha ni watoto wa wavunaji, wale wanaokuja bondeni na basi kutoka Tucumán matufaha yanapoiva, na kurudi nalo yanapokwisha ili wawahi malimau ya kwao. Huko walifika bila herufi hata moja, wakaanzishwa darasa la kwanza upya. Nieves alikuwa na miaka tisa na bado yuko darasa la kwanza.

Safari hii mwalimu alikuwa amembembeleza mkaguzi aje kabla basi halijaondoka Jumamosi. Nieves akisoma ukurasa mmoja na kufanya hesabu tano, atapewa karatasi ya kuingia darasa la pili popote aendako.

Jioni baba yake, Eulogio, alirudi kutoka shambani akamkagua kama anavyokagua mti.

"Zimetoka ngapi?"

"Herufi mbili, baba. Na saba."

"Saba nyingine?"

"Siyo saba nyingine. Ile saba yenyewe. Sasa nikifika sita naruka nane."

Eulogio aliacha shule akiwa mdogo kuliko Nieves. Alichojua ni kwamba tunda likianguka lenyewe linakwenda kukamuliwa, lakini ukilichuma na kikonyo chake, ukalilaza kwenye kreti na kuliweka baridini, linakaa hadi masika. Basi akanawa mikono, akamkalisha Nieves kwenye kigoda, akaanza kuchuma. Alishika kila herufi kwa kiganja na kuizungusha kuelekea juu, bila kuvuta. Nyingi zilikuwa nyuma ya masikio na kwapani.

"Baba, unanitekenya!"

"Tulia wewe. Ukicheka kikonyo kitakatika."

Zilizokuwa mbichi aliziacha. Kisha akachuma tarakimu. Zote zilikuwa zimeiva isipokuwa sifuri.

Alibeba kreti hadi chumba cha baridi cha ghala la kufungashia matunda. Nyapara, Belisario, alichungulia ndani.

"Nini hii, Chaile?"

"Masomo ya mtoto, bosi. Mpaka Ijumaa tu."

"Weka kule nyuma kabisa. Zisije zikaambukiza matufaha yangu harufu ya chaki."

Kesho yake Nieves alikaa darasani kimya, mdomo umefumbwa. Mwalimu Griselda alimwita Eulogio getini.

"Umemfanya nini mtoto, Don Eulogio?"

"Nimezivuna, mwalimu. Zilikuwa zinaharibika."

Mwalimu aliitazama mipopla, iliyokuwa imebaki matawi matupu.

"Basi Ijumaa uzilete mapema. Zikitoka kwenye baridi zinataka muda zipate joto."

Ijumaa alfajiri Eulogio alikuwa wa kwanza mlangoni. Chumba cha baridi kilikuwa kitupu. Sakafu ilikuwa imeoshwa na bado ina maji. Belisario alikuwa amesimama akinywa chai yake ya majani ya yerba kwa mrija, akamaliza kwanza ndipo akasema.

"Lori limeondoka jana kwenda bandarini. Meli haingoji mtu."

"Nilikwambia ni za mtoto."

"Na mimi nilikwambia weka nyuma. Waliopakia walianzia nyuma." Akajaza tena maji ya moto. "Halafu zilikuwa zimeshapigwa mhuri. Kilicholala humu ndani ni cha shamba, Chaile. Unajua hilo tangu mwaka wa kwanza."

Eulogio alijua. Kila mvunaji alijua. Alikwenda shuleni na kofia mkononi.

Mkaguzi alikuwa mtu mpole, mwenye mafua. Alimfungulia Nieves kitabu. Nieves aligeuka mlangoni akatazama mikono ya baba yake, akaona imeshika kofia tu, akarudi kwenye ukurasa. Akasoma. Alisoma kwa sauti ya juu zile herufi tano ambazo baba alikuwa ameziacha mbichi, kila alipozikuta, na palipokuwa na nyingine alinyamaza kwa muda uleule ambao ingechukua kuzitamka. Alifika mwisho wa ukurasa. Hakuna aliyecheka, hata wale wa miaka sita.

Hesabu zote tano alijibu sifuri. Moja alipata.

"Ana bidii," mkaguzi alisema, akafuta pua. "Darasa la kwanza."

Jumamosi, basi likiwa linanguruma, Belisario aligonga kioo upande wa Eulogio.

"Chaile! Bandarini wameupa ule mzigo daraja la juu. Mwakani zikianza kuiva niambie mapema, nikutafutie nafasi."

"Sawa, bosi," alisema Eulogio.

Basi likaondoka. Nieves alilala begani kwake. Njiani hapakuwa na kitu ambacho angeweza kukisoma. Eulogio alihesabu kwa vidole. Herufi ishirini na mbili. Tarakimu tisa. Mwaka mmoja wa shule uliopotea, wa tatu sasa. Na kule waendako, meza ya mbele ya darasa la kwanza, ambayo magoti ya Nieves hayaingii tena chini yake.