Mbegu ya Kutoka Rutshuru

Mukashyaka alikuwa ameshafungua mfuko wa mbolea, mkono mmoja umo ndani, Kahambu alipomwomba asubiri kidogo.

"Nisubiri nini, mutoto wangu? Vinakufa na njaa."

Vitunguu vilikuwa vimekauka ncha, tuta baada ya tuta, mpaka pale mawe ya volkano yaliporundikwa kuwa ukuta. Huku Lac Vert hakuna mwingine aliyelima vitunguu vya namna ile, vidogo, vyekundu sana, vikali machoni. Mbegu yake Mukashyaka alitoka nayo Rutshuru vita vilipomkimbiza, ameifunga kwenye pembe ya kitenge. Msimu huu aliipanda yote. Hakubakiza hata punje.

Kahambu, agronome, mtaalamu wa mazao wa kikundi chao cha wakulima, msichana asiyejua kuinua sauti, alifungua kompyuta juu ya bidoni tupu la maji lililopinduliwa. Humo alikuwa ameingiza shamba lote la Mukashyaka kwa namba: udongo, mvua, maji ya pampu, mbolea ya kila juma. Kompyuta ilikokotoa mmea una nini na unakosa nini. Kwa hesabu yake, vitunguu vilikuwa vizima. Lakini kipimo alichochomeka udongoni kilionyesha chumvi mara tatu ya ile iliyokadiriwa.

Dieudonné, jirani wa shamba la pili, alisimama njiani na jembe begani. Alisema masini hiyo haijala kitunguu hata siku moja, itajuaje njaa yake. Mukashyaka alicheka, ila mkono haukutoka mfukoni.

Kahambu aliuliza tena swali la siku ya kwanza: mama anaweka mbolea gani shambani? Mukashyaka alijibu vilevile, mbolea ya mfuko, basi. Kisha, kwa kuwa bado alizuiwa kuitia, aliinuka akachukua beseni lake, akaanza kumwaga majivu ya jiko kwenye mashina, konzi kwa konzi, kama mama yake alivyofanya, macho yake yakiwa kwingine.

"Mama," Kahambu alisema polepole, "na hayo?"

"Haya ni majivu tu. Ya kufukuza wadudu."

"Kila siku?"

"Kila siku ya Mungu. Uliniuliza mbolea. Hukuniuliza majivu."

Kahambu aliinama akiona haya, akaandika: konzi ngapi, matuta mangapi, majuma mangapi. Mstari wa chumvi kwenye kioo cha kompyuta ulipanda, ukapanda, ukasimama palepale kipimo kiliposimama. Haikuwa njaa. Ilikuwa chumvi, ya majivu juu ya ile ya mbolea. Alijaribu mbolea ya leo, na kompyuta ikaonyesha shamba likiisha ndani ya siku kumi. Alijaribu maji mengi, siku tatu mfululizo, bila majivu wala mbolea. Mstari ukashuka, chumvi ikioshwa na maji.

Dieudonné alisema maji hayo yote yataozesha mizizi. Kahambu aligeuza kompyuta upande wa Mukashyaka. Alimtazama mwenye shamba.

Mukashyaka alichota udongo mweusi, wenye chembe kama kokoto, akaupitisha katikati ya vidole.

"Hapa maji hayalali," alisema. "Yanapita."

Akafunga mfuko wa mbolea mafundo mawili, akavua ndara, akaomba pampu iwashwe. Mpira wa pampu ulijikunja, ukakohoa, ukatapika maji. Alisimama kwenye tuta la kwanza, maji yakimfika vifundoni, kisha yakashuka hadi vidole vya miguu, kisha ardhi ikayanywa yote, naye akasogea hatua moja.