Sinia Lililotazama Juu

"Hivi, Bi Hidaya, sinia likiwa kubwa kuliko mji, litapakuliwa nini?" Mzee Shebe alimuuliza mjane jirani yake siku moja, kila mmoja upande wake wa ua, na kwa swali hilo tu akatiwa ndani.

Hiyo ilikuwa Kimyani, nchi iliyonona mashamba ikakonda watu, ambako Mtukufu Gubu na mawaziri wake, waliovimba kama vyura wa masika, walikula hadi wakaanza kuogopa mlio wa matumbo ya wenzao. Ili anase manung'uniko, Gubu alikusanya masinia ya kila nyumba, akaamuru yafuliwe sikio moja la shaba, liinamishwe juu ya mji. Lakini Kimyani sinia halifudikizwi ila kwenye nyumba yenye maiti. Mafundi, wakiogopa mkosi kuliko kiboko, wakaliacha limetazama mbingu. Mawaziri waliona, lakini nani angethubutu kumtajia mkubwa msiba? Gubu mwenyewe hakuwa na mazoea ya kutazama juu. Wasomi wanaokwenda leo kusikiliza nyota pale hawajui kuwa walijengewa na woga.

Bi Hidaya, kwa kuwa hajui kusema uongo, alivishwa visikizi vilivyoungwa na sikio lile, akawekwa kusikiliza. Akasikia mvumo, kama mchele unaopepetwa mbali.

"Ndio hao wananisengenya," Gubu akasema. "Nipe majina kabla mvua hazijakatika, ama Shebe atanyongwa kwa niaba yao."

Mjane akachanganyikiwa. Akasali, akasikiliza, akasali tena. Mvumo uliokuwa ukija na adhana ya alasiri, baada ya mwezi na nusu ulikuja na ya adhuhuri. Mvua zikaanza kupungua, akaitwa.

"Mtukufu, hawa si watu wako. Kila siku wanatangulia kidogo, kama nyota za Kilimia zinavyotangulia kuchomoza. Mtu hanung'uniki kwa mpango hivyo, ana chungu jikoni kinachomsubiri."

"Wako wapi basi?"

"Juu."

"Wakamatwe," waziri mmoja akadakia, kisha akaikodolea macho dari, asijue aanzie wapi.

"Wanasema nini juu yangu?"

"Sijui, Mtukufu. Labda hata hawakujui."

Gubu akajivika vile visikizi mwenyewe. Adhuhuri ikaadhiniwa, mvumo ukapanda, naye akalitafuta jina lake humo kama mtu anayetafuta pete mchangani. Alikaa hivyo hadi jasho likamkauka. Kisha akavivua, akaufungua ufunguo wa jela kiunoni mwake, akauacha juu ya mkeka mbele ya mjane, akatoka.